Nyuki wanatoka na mabawa yaliyosinyaa na wana vidudu vya kahawia mgongoni, nipulize dawa au niache?

Mtundikaji_Itigi
Habari za jioni wakuu. Mi ni mfugaji mdogo tu wa nyuki huku Itigi, nina mizinga 34, mingi ya topbaa (ile ya sanduku yenye fito juu za kuning'iniza masega) na iliyobaki ni ya magogo aliyoniachia marehemu baba. Juzi Jumamosi nimeenda kukagua manzuki, pale nilipoweka mizinga, mzinga wa kwanza poa, wa pili poa, kufika wa tatu nakuta chini ya mlango kuna nyuki wanatambaa kwenye mchanga hawaruki, nikaokota mmoja nikamweka kiganjani, mabawa yamejikunja kama karatasi iliyolowa ikakauka na jua, tumbo fupi halafu limevimba. Nikajua labda sisimizi wamewashambulia. Nikafungua, nikatoa sega la majana, yani lenye watoto wa nyuki, sasa hapo ndo nikaona nyuki mmoja ana kidude cha kahawia kinang'aa kama kupe mchanga kimekaa mgongoni, nikakisukuma na njiti hakidondoki, kinateleza kinazunguka kinajificha chini ya tumbo. Kuangalia vizuri nikaona wengine watatu wanne wana kitu hicho hicho.

Nikapita duka la pembejeo mjini, jamaa akaniuzia dawa ya kuogeshea ng'ombe, kasema hata wazungu ndo wanatumia hiyo kwa nyuki, eti kifuniko kimoja kwa lita tano, puliza ndani ya mzinga jioni nyuki wakishaingia. Chupa ninayo hapa mezani sijaifungua, mama watoto kagoma kabisa, anasema tangu lini nyuki akawa ng'ombe. Mavuno yamebaki kama wiki tano hivi. Nipulize au niache? Na je hicho kidudu ndo kinakata mabawa au ni ugonjwa mwingine? Picha nimejaribu kupandisha zimegoma, mtandao wa huku mnaujua.

Nyegere_Mstaafu
Vuna fasta kabla hawajafa mkuu 😂😂

Kibuyu_cha_Asali
Mkuu usifungue hiyo chupa. Narudia, USIFUNGUE. Mama watoto mpe soda.

Kwanza tujue kidudu chenyewe. Kuna viwili watu wanavichanganya sana. Kuna chawa wa nyuki, huyu ni mdudu wa siku zote, ukweli ni jamii ya nzi asiye na mabawa, ana miguu sita, anapenda kukaa kichwani karibu na mdomo wa nyuki anamwibia chakula, na malkia ndo anampenda zaidi. Huyo hana madhara ya kukunyima usingizi. Halafu kuna varoa. Varoa ana miguu minane, ni jamii ya kupe na utitiri wa kuku, na umbo lake ndo linamfichua, upana umezidi urefu, kama kaa wa pwani aliyebonyezwa, upana haufiki hata milimita mbili. Maelezo yako ya kuteleza na kujificha chini ya tumbo yananinukia varoa, na hayo mabawa ndo yanamalizia.

Kidudu hakikati mabawa. Kinacholeta mabawa yale ni kirusi, varoa ni dereva tu. Kirusi chenyewe kinaweza kuwepo kwenye mzinga kimya kimya, nyuki wanapeana kwa chakula na wala usijue. Varoa akija anatoboa ngozi ya mtoto wa nyuki angali kwenye chumba chake anamfyonza, na hapo hapo anamwachia kirusi ndani ya mwili moja kwa moja. Akikua anatoka hivyo ulivyoona, hajaruka hata mara moja, wenzie wanamburuta nje. Dawa ya kirusi cha nyuki hakuna duniani, usije ukauziwa na hiyo.

MzeeWaSikonge
Vijana mnatishana bure. Mimi natundika mizinga huku Sikonge tangu sijaoa na sasa nina wajukuu, hao wadudu tumewaona na nyuki wapo. Nyuki wakiona mzinga umechafuka wanahama, mwezi mmoja miwili wanaingia wengine. Nyuki wa mabawa mabovu ni baridi tu, ukifungua fungua mzinga asubuhi na mapema majana yanapigwa na baridi. Dawa ya mzinga ni moshi na kumfukuza nyegere basi.

Kibuyu_cha_Asali
Shikamoo mzee wangu. Kwenye kuhama uko sahihi kabisa na nitalirudia hapo chini. Ila varoa si mwenyeji mzee. Asili yake ni Asia kwa nyuki wa kule, akarukia nyuki wetu hawa baada ya watu kuanza kusafirisha mizinga huku na kule. Afrika Kusini walimwona 1997, Kenya na Tanzania wataalamu waliripoti kumkuta mwaka 2009. Uliokuwa ukiwaona zamani nahisi ni wale chawa. Na baridi inaua majana kweli, lakini haikunji mabawa halafu ikaacha nyuki anatembea.

MzeeWaSikonge
Marahaba. Haya, endelea.

Mwana_Mwingi
Niaje watu wangu, mimi niko upande wa Kitui huku Kenya, hii stori naijua kwa sababu ilitupata. Afisa wa nyuki alikuja kijijini akatwambia mizinga yenu iko na "maiti", wazee wakashtuka wakauliza ni nani amekufa 🤣 kumbe ndio jina la hivyo vidudu kwa Kizungu alikuwa anasema.

Sasa sikia bosi. Watafiti walizunguka Kenya sehemu 24 wakifungua mizinga, matokeo yakatoka 2014. Walipata varoa karibu kila pahali isipokuwa kule juu kaskazini mbali, na virusi wakapata vitatu, hicho cha mabawa, kingine kinaua malkia akiwa bado mtoto kwenye chumba chake kinageuka cheusi, na cha tatu ni cha kupooza. Mzinga wenye varoa wengi ulikuwa na virusi vingi pia. Lakini sasa ndio hii, mizinga yenye varoa haikuwa midogo kushinda ile haina. Nyuki walikuwa wengi tu na wanafanya kazi. Tena varoa walizidi kadiri unavyopanda kwenye miinuko ya baridi, huku kwetu kwenye joto walikuwa wachache. Kwa hivyo kuwa na varoa si kusema umekwisha. Mimi sijawahi weka dawa na bado navuna.

Leicester_Bongo
Wakuu naomba nitofautiane. Niko Uingereza mwaka wa kumi na moja huu, nina mizinga miwili nyuma ya nyumba. Huku varoa waliingia 1992 na usipoweka dawa mzinga unakufa, mwaka wa pili au wa tatu umeenda, mi mwenyewe nilijifanya mjuaji nikaacha, mwezi wa pili nafungua nakuta kiganja kimoja cha nyuki waliokufa na malkia katikati. Kila mfugaji huku ana ratiba, kuna tindikali ya oksaliki wakati wa baridi hakuna majana, kuna taimoli, kuna vipande vya plastiki vyenye amitrazi. Kumwambia mtu akae tu ni kumpoteza. Angalieni Australia, ndo walikuwa wamebaki bila varoa, wakawakuta bandarini Newcastle 2022, wakateketeza mizinga maelfu kwa maelfu, mwaka uliofuata wakanyoosha mikono wakasema sasa tuishi nao.

Kibuyu_cha_Asali
@Leicester_Bongo hujakosea kwa nyuki wa huko. Ila nyuki si mmoja mkuu. Ngoja nieleze maana hapa ndo penyewe.

Varoa jike haendi kuzaa popote. Anasubiri mtoto wa nyuki akaribie kuzibiwa, anachungulia, anajitupa ndani ya kile chumba anajizamisha kwenye chakula cha mtoto mpaka nta ifunge. Siku kama tatu baadaye anataga yai la kwanza, hilo ni la kiume, baada ya hapo kila saa 30 hivi anataga la kike. Huyo kaka mtu ndo anawapanda dada zake humo humo gizani, mambo ya ajabu lakini ndo maisha yao. Sasa wale mabinti lazima wakomae kabla nyuki hajatoka, wasipokomaa wanakufa. Yani ni mbio. Nyuki kibarua wa Ulaya anakaa amezibwa kama siku 12, dume 14 mpaka 15, ndo maana varoa anapenda sana majana ya madume. Nyuki wetu kibarua anatoka mapema zaidi, karibu siku 11. Siku moja unaweza kuiona ndogo, ila kwa varoa ni binti mzima kapotea kila safari.

Halafu nyuki wetu wana roho mbaya. Wananusa chumba chenye tatizo wanakitoboa wanamtoa mtoto wanamtupa. Wanasafishana miili wenyewe kwa wenyewe, ukiokota varoa waliodondoka chini ya mzinga utakuta wengine miguu imeng'atwa. Na lile alilosema mzee, wanahama na wanagawanyika mara kwa mara, bumba, yani kundi linalojitenga, likitoka linakaa siku kadhaa bila majana, varoa hana pa kuzalia. Nyuki wa Leicester anafungiwa nyumba moja miaka mitano na kwa kupenda upole wakamchagulia uzazi akawa mpole kwa kila kitu, hata kwa varoa.

Huku ukianza kuweka dawa unawabeba hata wale makundi dhaifu ambao walitakiwa wafe au wahame, wanazaa madume dhaifu yanaenda kupanda malkia wa jirani. Hilo ndo naliogopa kuliko varoa mwenyewe.

Leicester_Bongo
Sawa hapo nimekupata. Ila bado mtu ahesabu kwanza, asikae tu kwa imani.

Mtundikaji_Itigi
Asanteni sana wakuu na mzee shikamoo. Sasa huyu wa duka kanidanganya au? Maana Leicester nae kataja amitrazi na nikisoma chupa yangu imeandikwa amitrazi.

Bi_Nta
Hakukudanganya yote, kakupa nusu ya ukweli ambayo ndo mbaya zaidi. Ile ya nyuki ni kipande cha plastiki kimetengenezwa kwa kipimo, kinaning'inizwa katikati ya masega kinatoa kidogo kidogo, na hakiwekwi wakati wa asali ya kuvuna. Ya ng'ombe ni ya maji imechanganywa na viyeyusho vya kushika kwenye ngozi, ukipulizia humo ndani unaua majana, unaweza kupoteza na malkia, na wakibaki watahama. Na asali yako? Wiki tano kabla ya mavuno! Mimi nakusanya asali kwa vikundi, mnunuzi wa Ulaya anapima masalia ya dawa, ndoo moja ya mtu mmoja ikichanganywa kwenye pipa pipa zima limeharibika, na kikundi kinapigwa chini. Nta nayo inanyonya dawa nyingine inakaa nazo miaka. Mdogo wangu tafadhali.

Kuhesabu ni rahisi. Chukua chupa ya plastiki ya mdomo mpana, ile ya siagi ya karanga inafaa. Kata katikati ya mfuniko uweke wavu. Saga sukari mpaka iwe unga laini kabisa kama wanga. Toa sega la majana, HAKIKISHA malkia hayupo hapo, kung'utia nyuki kwenye beseni, teka nusu kikombe, hao ni kama nyuki 300. Watie kwenye chupa, ongeza vijiko viwili vya sukari kupitia kwenye wavu, wabingirishe taratibu dakika moja wawe weupe wote, waache kivulini dakika mbili, afu pindua chupa utikise kwa nguvu juu ya sahani nyeupe yenye maji. Sukari inayeyuka, varoa wanabaki wanaelea unawahesabu. Nyuki unawarudisha wazima, wenzao watawalamba hiyo sukari.

Nyegere_Mstaafu
Nyuki 300 wenye hasira ndani ya chupa ya siagi ya karanga, mi nipo nyuma yenu kilomita mbili.

Mtundikaji_Itigi
Mrejesho wakuu. Nimefanya leo asubuhi kwenye ule mzinga wa tatu. Nimeumwa kama mara tisa jicho moja halionekani ila sio kesi. Majibu ni SIFURI. Hakuna hata mmoja, sahani nyeupeee. Sasa nimechanganyikiwa maana mgongoni nawaona kwa macho yangu.

Bi_Nta
Wavu gani ulitumia?

Mtundikaji_Itigi
Wa dirishani, wa mbu.

Bi_Nta
Haya ndo hayo. Wa mbu matundu yake madogo mno, sukari inapita varoa anabaki ndani na nyuki. Tafuta wavu wa chuma wa matundu kama milimita 3, nyuki hapiti varoa anapita. Pole na jicho.

Kibuyu_cha_Asali
Na ukirudia usipime mzinga mmoja tu. Pima na miwili ambayo unaiona ni mizima, la sivyo utakuwa na namba isiyo na wa kulinganisha naye. Na ukiwa humo ndani niangalizie kitu kingine: kuna mbawakavu wadogo weusi wanakimbia kwenye pembe ukifungua? Na harufu ikoje, asali inanukia asali au inanukia machungwa yaliyooza?

Mtundikaji_Itigi
Mrejesho namba mbili. Wavu nimeupata. Mzinga wa tatu: varoa 5. Mzinga wa kwanza: 4. Mzinga wa kumi na tisa ambao ndo una nguvu kuliko yote, nyuki wamejaa mpaka nje: 6! Yani mzima ana wengi kuliko mgonjwa.

Na @Kibuyu_cha_Asali wewe mganga au? Mbawakavu wapo, weusi wadogo kama mbegu za bamia, nilipofungua mzinga wa tatu walitawanyika kama mende ukiwasha taa. Masega mawili ya nyuma hayana nyuki kabisa, yamelowa yanateleza, yana mabuu meupe na harufu ni hiyo hiyo ya machungwa mabovu. Kwenye ule wa kumi na tisa nimewaona pia ila wachache, afu kuna kitu sijawahi kuona, wamejengewa kijigereza cha gundi pembeni ya ubao, nyuki wamesimama mlangoni wanawalinda.

Kibuyu_cha_Asali
Kijigereza ni kweli kabisa, na kuna kichekesho zaidi, yule mfungwa anampapasa askari kwenye mdomo mpaka anatapikiwa chakula, ndo anaishi jela kwa kula vizuri. Mbawakavu huyu ndo mwenyeji wetu halisi, wa Afrika kusini ya Sahara, na nyuki wetu wamezoeana naye. Marekani walimgundua kule Florida 1998 akawamalizia mizinga hawajui afanywe nini.

Sasa angalia namba zako. Varoa 5 kwa nyuki 300 haifiki hata wawili kwa mia, wengi huko nje wanaanza kushtuka wakifika watatu kwa mia, na hao ni wenye nyuki laini. Kwa nyuki wako na mzinga wa kumi na tisa una 6 na umejaa mpaka nje, varoa hayupo kwenye orodha ya washtakiwa wakuu. Kinachoua mzinga wa tatu ni kwamba nyuki ni wachache kuliko masega, hakuna askari wa kufunga mbawakavu. Swali ni kwa nini walipungua. Niambie ukweli, ulivuna lini mara ya mwisho na uliacha masega mangapi?

Mtundikaji_Itigi
Aisee. Mwezi wa kumi na mbili. Ada za shule zilinibana. Huo wa tatu nilitoa yote, niliacha masega mawili ya majana.

MzeeWaSikonge
Nilijua tu. Ukimnyang'anya nyuki chakula chote hata mafua yatamuua.

Mwana_Mwingi
Mzee ametoa hukumu 😂 lakini ni ukweli, njaa ndio inafungulia hawa wengine wote mlango.

Bi_Nta
Usijilaumu sana, ada ni ada. Fanya hivi leo leo jioni: hayo masega mawili yaliyooza toa, usiyatupe hapo kwenye manzuki, yachemshe, maana yale mabuu yakishiba yanashuka ardhini yanajizika kwenye udongo chini ya mzinga yanarudi mbawakavu wapya. Bana nafasi, kama una ubao wa kugawa mzinga sogeza ubaki na masega yale tu ambayo nyuki wanayafunika. Mlango upunguze. Mzinga upo kivulini sana? Mbawakavu anapenda unyevu na kivuli. Na msimu huu huo mzinga usiuguse kwa asali kabisa.

Mtundikaji_Itigi
Upo chini ya mwembe kivuli cha kutosha, nauhamishia pembeni. Ntafanya yote. Wale wa mabawa mabovu je?

Kibuyu_cha_Asali
Wataendelea kuonekana mmoja mmoja, hata mizinga mizima wapo. Ukiona asubuhi vibarua wanawaburuta nje na mabuu yaliyotolewa yamelala mlangoni usihuzunike, ndo usafi wenyewe huo. Ukija kugawa makundi chukua malkia kutoka huo wa kumi na tisa, huyo mama linda kama mboni ya jicho. Lile lililobaki.

Nyegere_Mstaafu
Jicho lililobaki 🤣🤣 mmenimaliza

Mtundikaji_Itigi
Mrejesho wa mwisho, samahani nimechelewa, tulikuwa mavunoni. Mzinga wa tatu haujafa, masega matano sasa yamefunikwa, mbawakavu nimeona wawili tu. Mingine nimevuna, safari hii kila mzinga nimeacha masega manne ya asali na mama watoto ndo alikuwa anahesabu. Ile chupa kaichukua jirani, kaogeshea ng'ombe.

Chipukizi_Dom
Nimesoma uzi wote. Huo wavu wa milimita 3 kwa hapa Dodoma nauliziaje, nimezunguka maduka matatu wananipa wa mbu.

Bi_Nta
Nenda maduka ya vifaa vya ujenzi, sema unataka wavu wa chuma wa kuchekechea mchanga laini, kipande cha kiganja tu kinatosha. Nenda na njiti ya kiberiti, ikipita tundu kwa shida kidogo huo huo chukua.